Kadi Imefungwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bisibisi yenye mpini wa njano na nikaambiwa nisiguse kitu chochote. Aliyenipa na aliyenikataza ni mtu mmoja, Bwana Khalfan, fundi mkuu wa karakana yetu ya Ghala, hapa Muscat, mzaliwa wa Unguja kama mimi. Wiki nzima sikuelewa ile bisibisi nilipewa ya nini. Mwezi uliopita nilistaafu. Bisibisi ninayo bado, mpini umepauka, na nyinyi mliobaki karakana mmeniomba niandike kidogo niliyoyaona. Ya vyeo na mishahara hamtayakuta humu, yangewachosha nyinyi na kuniudhi mimi.

Mnajua kazi yetu, lakini wapo watakaosoma ambao hawaijui. Tunatengeneza kompyuta za zahanati, zile zinazokaa chumba cha nyuma bila kioo wala kibodi, zikipokea picha za eksirei na kuzihifadhi. Hakuna anayezikumbuka mpaka zigome. Sehemu yangu mimi ilikuwa chini kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ile programu inayogawa kumbukumbu ya mashine na kuamua nani aitumie wapi. Shangazi zangu mpaka leo wanaamini nilikuwa nauza kompyuta, na kila aliyeharibikiwa na simu aliniletea mimi.

Shida yote ya kazi hii inatokana na jambo moja. Kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta, tuseme kadi ya mtandao, haisubiri kuandikiwa. Ikipokea kitu inakiandika yenyewe, moja kwa moja ndani ya kumbukumbu. Kasi yake iko hapo. Zamani ikikosea pahala pa kuandika, hakukuwa na wa kuizuia. Iliandika juu ya chochote ilichokikuta.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya namna hiyo. Kompyuta moja ilikuwa inazimika kila siku karibu na adhuhuri. Mwenye zahanati akataka ije isomewe dua. Bwana Khalfan akamjibu kwa adabu kwamba isomewe, haina dhara, lakini na sisi tutoe kadi moja moja tuone. Siku ya tatu tukaipata, kadi ya diski, ilikuwa ikinakili faili zake saa hiyo na kumwaga mabaki pasipo pake. Hapo ndipo nilipoitumia bisibisi yangu kwa mara ya kwanza. Mwenye zahanati alishukuru sana kisomo.

Miaka ikapita, mashine zikaja na kifaa kipya ndani yake, cha kusimama kati ya kadi na kumbukumbu. Bwana Khalfan akakiita bawabu, na jina likaganda. Alitueleza hivi. Kadi ni mgeni. Akija anapewa ufunguo wa chumba kimoja tu, aandike humo, atoke. Bawabu mkali anachukua ufunguo pale pale mgeni anapotoka. Bawabu mvivu anasubiri funguo ziwe nyingi azikusanye kwa pamoja, na katikati hapo mgeni wa jana anaweza kurudi chumbani akamkuta mtu mwengine. Na bawabu aliyeambiwa alale haulizi mtu, nyumba nzima iko wazi. Ukali una gharama, kwa sababu kuchukua ufunguo kila mara kunakula wakati, na zahanati inataka picha zake sasa hivi.

Kwa hiyo kuna amri mbili. Ya kwanza ni ya mfumo mzima, mstari mmoja unaosomwa mashine inapowaka, unaomwambia bawabu awe na tabia gani kwa wote. Ya pili ni ya kifaa kimoja kimoja, unasema huyu mwachie, yule mbane. Ujuzi wote uko katika kujua kipi ukiweke kwenye ile ya kwanza na kipi kwenye ya pili. Zaidi ya hapo, kuna kadi zinazokaa nyumba moja, zimechomekwa nyuma ya mlango mmoja, na hizo huwezi kuzitenganisha kwa amri hata ufanye nini. Nilipoteza siku nne kwa kutojua hilo. Kabla hujabadilisha amri, hamisha kadi kwenye tundu jengine uone kama imepata nyumba yake. Ni kazi ya dakika kumi na bisibisi.

Bwana Khalfan alikuwa na daftari la kazi, na alishikilia liandikwe Kiswahili. Alisema tukiandika Kiarabu tutabishana nahau, tukiandika Kiingereza tutanakili tusichokielewa, lakini ukitaka kulisema jambo hili kwa Kiswahili itakubidi kwanza ulijue. Humo tukawa na maneno yetu mawili. Kifaa kilichowekewa bawabu mkali tuliandika kimefungwa. Kilichoruhusiwa kupita bila kuulizwa tuliandika kimeachiwa. Mafupi, matamu, na kwa miaka mingi hayakumkosesha mtu. Alipofariki, Mungu amrehemu, daftari likabaki kwangu, na maneno yakabaki nalo.

Sasa nimfikie Neema, maana bila yeye nisingeandika haya. Neema ni fundi kutoka Moshi, aliletwa Muscat na kampuni nyengine, akahamia kwetu nilipokuwa nimebakiza mwaka mmoja. Mikono yake ni ya ajabu. Anachomeka kadi kama mtu anayemvisha mtoto shati, na Ijumaa, siku ya mapumziko huku, anaimba kwaya kanisani hapo hapo Ghala. Alikuwa akinipa shikamoo kila asubuhi kwa utaratibu ulionifanya nijione mzee kabla ya wakati. Mimi nilimwita mwanangu, naye akaniita Mama, na tuliamini kwamba tunaelewana kila neno.

Zahanati moja ya mtaa wa Al Hail ililalamika picha zinachelewa. Wagonjwa walikuwa wamekaa ukumbini na daktari anatazama kioo kitupu. Mfumo wao mzima ulikuwa umefungwa, na kadi ya picha, yenye kazi nzito kuliko zote, ilikuwa ikipambana na bawabu kila sekunde. Mkuu wetu, Mhandisi Talib, ambaye wote humwita mudiri, akataka mfumo mzima uachiwe, na si hapo tu, zahanati zote, kwa sababu mstari mmoja ni rahisi kuliko orodha. Talib ni mtu mwema anayechukia orodha. Mimi nikamwambia nakubali kwa sharti moja, kadi ya mtandao ifungwe peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoongea na watu wa nje. Yeye akaridhika. Mimi pia nikaridhika, na hilo ndilo kosa langu la kwanza, kwa sababu nilikuwa nafungua nyumba nzima na kutia kufuli mlango mmoja, na nilijua vizuri kwamba inatakiwa kinyume chake.

Kadi ya mtandao yenyewe ilikuwa imezeeka. Alhamisi asubuhi Neema akaenda Al Hail kuweka mpya. Mchana akarudi, akaandika kwenye daftari, akaenda kusali na wenzake wa kwaya. Nami nilikuwa na harusi ya mpwa wangu jioni ile, hina mkononi haijakauka vizuri. Nikasoma alichoandika: "Kadi mpya ya mtandao imefungwa." Nikamshukuru Mungu kwa msaidizi anayemaliza kazi. Kwa kawaida ningeingia kwenye mashine nikasoma mwenyewe amri ya kadi ile. Siku hiyo sikuingia. Niliutuma ule mstari wa kuachia mfumo mzima, nikatia sahihi yangu chini ya maneno ya Neema, nikaondoka.

Jumapili asubuhi simu ikalia. Alikuwa mpiga picha wa zahanati, bibi mmoja mtulivu ambaye hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakunipandishia. Alisema ana picha ya kifua cha mzee mmoja wa kijiji cha Yiti, na mzee yule kavaa bangili juu ya mbavu.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nikaendesha gari mpaka Al Hail. Ilikuwa kweli. Kifua cha mzee, kizuri tu, na katikati yake ukanda mpana wenye kiwiko cha mwanamke na bangili zake tatu, aliyepigwa picha chumba cha pili saa ile ile. Picha yake ilikuja kwa njia ya mtandao. Kadi mpya ilikuwa na ubovu wa kiwandani, ilikuwa inarudi kuandika kwenye chumba ilichokwisha kukirudisha, na chumba kile kilikuwa kimeshapewa picha ya mzee. Bawabu alikuwa amelala, kama nilivyomwambia.

Kwa bahati njema picha za asili zilikuwa bado kwenye mashine za eksirei. Tukazituma upya zote za tangu Alhamisi, hakuna aliyetibiwa kwa bangili ya mwenzake. Mzee wa Yiti alipoelezwa aliomba aonyeshwe, akasema mkewe asije akaiona.

Nikaitazama ile orodha ya vifaa. Kadi ya zamani ilikuwemo, imefungwa, kwa nambari yake. Mpya haikuwemo kabisa. Nikaiingiza, nikaiwasha, na mara moja bawabu akaanza kuandika malalamiko: amezuia, amezuia, amezuia. Kwa macho ya fundi hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Lakini roho yangu ilikuwa nzito, kwa sababu sasa swali lilikuwa moja tu, kwa nini Neema aliandika kwamba kaifunga.

Talib hakuwa na swali. Jumatatu alituita sote wawili ofisini kwake, daftari liko mezani. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Fundi kaandika kazi ambayo hakuifanya, kwenye mashine ya wagonjwa. Alisema mkataba wa Neema ataukatisha mwisho wa mwezi, na kwa mtu kama Neema mkataba ukiisha kibali nacho kinaisha, anarudi kwao. Bintiye alikuwa ndiyo kwanza anakaribia kuja kumtembelea kwa likizo, mwaka wa tatu hawajaonana. Neema hakulia. Alikaa na mikono mapajani, akaitazama ile meza.

Na mimi nilitaka kunyamaza. Nasema kweli, kwa sababu nyinyi mnaosoma mtajikuta pahala hapo siku moja. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu. Sahihi ilikuwa yangu, lakini Talib aliipita kwa heshima, akaangalia ya juu yake tu. Nilijiambia labda kweli msichana kasahau. Nilijiambia na mengine, yote mazuri, yote ya kunifaa mimi.

Talib akamsogezea daftari, akamwambia asome mwenyewe alichoandika. Neema akasoma. Halafu akanyanyua uso.

"Nimeifunga, mudiri. Nimeifunga kwa skrubu, nikaikaza, nikachomeka waya, taa zikawaka mbili. Kama imelegea, nionyeshwe."

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Mimi nikaliona lile neno kama ndiyo kwanza naliona maishani. Kwao fundi hufunga injini, hufunga feni, hufunga umeme wa nyumba nzima. Kwetu pia, jamani. Marehemu mama yangu aliita fundi aje kufunga pampu na hakuna aliyedhani pampu inakwenda kifungoni. Ni sisi wawili tu, mimi na Bwana Khalfan, tuliolichukua neno la watu wote tukalifanya letu, na tukasahau kwamba tumelichukua. Neema alikuwa kaandika Kiswahili safi. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma lugha ya watu wawili.

"Talib," nikamwambia, "binti huyu hana kosa hata la nukta. Aliambiwa akafunge kadi, akaifunga. Neno langu mimi la kufunga sikumfundisha siku yoyote. Na sikwenda kutazama, nna sahihi yangu hapo chini, nilikuwa na harusi. Kama kuna wa kuondoka, anzia na mimi."

Talib naye kalelewa na bibi wa Kiunguja, neno lilikuwa linamzunguka kichwani, nikaona mdomo unamchezacheza. Akalivuta daftari, akafungua kurasa za nyuma, za miaka, imefungwa, imefungwa, imeachiwa. Akasema polepole:

"Yaani hili daftari mnalijua watu wawili, na mmoja kafa."

Hakuna maneno yaliyowahi kuniuma namna ile, na yalikuwa ya haki. Halafu kicheko kikamshinda. Akarudia "taa zikawaka mbili" mpaka machozi yakamtoka, na Neema, ambaye alikuwa hajui kama amefukuzwa au la, akanitazama mimi. Nikamwambia amebaki. Hapo ndipo alipolia.

Wiki iliyofuata tulikaa, mimi na yeye, tukaitengeneza upya kazi ambayo mimi niliamini nimeimaliza miaka kumi nyuma. Amri ya mfumo mzima tuliigeuza, zahanati zote, bawabu awe mkali kwa kila kifaa kinachojulikana na kisichojulikana, ili kadi mpya ikichomekwa na mtu yeyote, awe kasahau au hakuambiwa, ikute mlango umeshikwa. Kisha tukaachia kimoja kimoja, kwa orodha. Al Hail tuliiachia kadi ya picha peke yake, iliyokuwa imekaa nyumba yake, na ule uchelewaji ukaisha, daktari hakutupigia tena. Siku zote kumbe tulikuwa tunabishana juu ya mfumo mzima kwa ajili ya kadi moja. Talib alikubali orodha, kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

Maneno ilikuwa zamu ya Neema kuamua. Nilipendekeza hodi, kwamba kuna vifaa vya kupiga hodi na vya kuingia bila hodi. Alilipenda, lakini akaweka sharti. Kila anayeachiwa aandikwe jina kamili, nani kamwombea, sababu na muda, na aliyeandika aseme "nimesoma kwa macho yangu". Akasema neno zuri halitoshi, Mama, maana hata lile la kwanza lilikuwa zuri. Ukurasa wa mbele wa daftari akauandika yeye, maana ya kila neno, kwa mwandiko mkubwa wa mwalimu wa darasa la pili. Ningemwonyesha Bwana Khalfan, naye angenuna siku mbili halafu angeomba anakili.

Siku yangu ya mwisho mlinipikia biriani, na Talib alitoa hotuba ndefu iliyotaja bangili mara nne. Nilirudisha kadi ya mlango, nilikabidhi daftari, nikalia kidogo kwenye gari, nikenda zangu nyumbani. Asubuhi yake nikagundua kwamba dele langu la kahawa, la mama yangu, nimelisahau juu ya kabati. Nikarudi Ghala. Kwa mazoea nikasukuma mlango kama nilivyousukuma miaka yote, na mlango haukutikisika. Nikapekua mkoba kutafuta kadi ambayo jana yake nilikuwa nimeirudisha kwa mkono wangu. Nilisimama pale juani, na nakiri nilihuzunika. Ndani namsikia kila mtu, ndani hakuna anayenisikia.

Kwa hiyo nikafanya wanachofanya wageni. Nikagonga, nikaita hodi.

Aliyefungua ni Neema, bisibisi mkononi. Akanipa shikamoo yake, nikaitika, lakini hakupisha. Aliniambia nisubiri kidogo, akaenda ndani, akarudi na daftari, akaandika amesimama pale pale kizingitini, halafu akanigeuzia nisome. Jina langu lote lilikuwepo mpaka la babu. Chini yake: "Anaingia bila hodi. Aliyemwombea: Neema. Sababu: bawabu wa kwanza. Muda: hauna mwisho. Nimesoma kwa macho yangu."

"Karibu, Mama," akasema, na ndipo akapisha.